Mtoto wa mbwa aliyeanza tena kukojoa ndani

Kila mwaka mwezi wa Julai, huku nyanda za juu za Njombe, wafugaji huniletea shida moja kuhusu watoto wa mbwa wanaowalea kwa ajili ya ulinzi. Mbwa alikuwa ameshajua kutoka, sakafu ilikaa kavu mwezi mzima, na sasa anakojoa tena ndani, mara nyingi stoo, nyuma ya magunia ya mahindi. Wengi huamini amekuwa mkaidi. Katika miaka yote ya kazi hii sijaona mtoto wa mbwa anayekojoa ndani ili kulipiza kisasi. Kuna kitu kimebadilika, mwilini mwake au hapo nyumbani, na mfugaji akitafute kabla hajashika fimbo.

Anza na mwili. Mbwa anayekojoa kidogo kidogo kila mara, anayejikamua, anayejilamba sana au kutoa mkojo wenye damu ana maumivu, na hakuna mafunzo yatakayomsaidia kabla hajatibiwa. Anayeharisha naye hawezi kusubiri mlango ufunguliwe. Tumbo likiwa limejaa kama ngoma na manyoya yamepauka, fikiria minyoo. Minyoo ya mviringo humfikia mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, kisha kupitia maziwa, kwa hiyo dawa huanza akiwa na wiki 2, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi afikishe wiki 12, halafu kila mwezi mpaka miezi 6. Kipimo kifuate uzito wake. Msikubali kabisa kumkadiria mtoto wa mbwa dawa ya sindano ya ng'ombe, maana kuzidisha kidogo tu kunaweza kumuua. Na akiharisha damu yenye harufu kali, anatapika na amekataa kula, mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Hiyo inaweza kuwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa.

Kama mwili ni mzima, tazama nyumba. Juni na Julai huku kwetu kuna asubuhi ambazo nyasi zimekuwa nyeupe kwa sakitu. Mbwa aliyelala jikoni karibu na majivu ya moto anafunguliwa mlango saa kumi na moja alfajiri, anakanyaga hatua mbili, miguu inamuuma, anarudi. Dakika kumi baadaye kakojoa pembeni ya mafiga. Wakati huo huo shule zinafunguliwa, na mara nyingi mtoto wa shule ndiye aliyekuwa akimtoa mbwa kila asubuhi na kila baada ya kula. Aliyebaki nyumbani ana ng'ombe wa kukamua. Mbwa amepoteza nyasi za vuguvugu na mtu wake katika mwezi mmoja.

Nilikosea hapo mimi mwenyewe. Wangu alipokojoa jikoni asubuhi kama hiyo nilimkaripia na kumsukuma pua kwenye mkojo, kama nilivyoona wakubwa wakifanya. Kwa wiki mbili zilizofuata hakukojoa tena mbele yangu, popote. Nikimtoa nje alinitazama tu, tukirudi ndani alijipenyeza nyuma ya magunia. Mtoto wa mbwa huunganisha adhabu na kile kinachotokea papo hapo, na kilichokuwepo ni mimi na mkojo. Alichojifunza ni kwamba kukojoa mtu akiwepo ni hatari, akatafuta maficho. Ile sura ya kuinamisha kichwa na kukunja mkia, ambayo tunaisoma kama kukiri kosa, ni hofu ya sauti yetu.

Kilichomrudisha ni uvumilivu. Niliegemeza bati kwenye ukuta wa zizi, chini yake nikatandika majani makavu yasiyopata sakitu, nikawa natoka naye kwa kamba nikiwa nimevaa koti. Nilisimama kimya, bila kumhimiza. Akimaliza, alipata dagaa mmoja pale pale. Msingoje kumpa mlangoni, kwa kuwa hapo atakuwa analipwa kwa kurudi ndani.

Jambo lingine wafugaji wengi hawalijui: miguu ya mbwa ina mazoea yake. Kati ya wiki ya 7 na ya 9 hivi, mtoto wa mbwa huzoea aina fulani ya sakafu ya kujisaidia. Aliyezaliwa na kukulia juu ya saruji ataitafuta saruji hata ukimpeleka kwenye nyasi nzuri, na aliyezoea nyasi anaweza kuanza upya siku unayotandika mkeka au zulia, kwa kuwa ni laini chini ya nyayo. Chukua kipande cha gunia alichokojolea, kiweke pale unapotaka aende. Harufu itamwelekeza.

Kwa sababu hiyo hiyo, ndani harufu iondoke kabisa. Maji matupu hayatoshi. Sakafu ya udongo, chota tabaka lililolowa na ujaze udongo mkavu. Ya saruji, osha kwa sabuni, suuza, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Usimwage jiki juu ya mkojo mbichi, kwa sababu hutoa mvuke unaowasha macho na kifua.

Halafu mrudishe mwanzo kwa wiki 2, kana kwamba ameletwa jana. Atoke akiamka, akimaliza kucheza, na ndani ya dakika 5 hadi 30 baada ya kula. Chakula kiwe kwa saa zilezile, maana ugali wa usiku wenye mchuzi wa chumvi humfanya anywe maji mengi na kukojoa usiku. Mchana, chukua umri wake wa miezi ujumlishe 1: mwenye miezi 3 hawezi kujizuia zaidi ya saa 4, na afadhali umtoe mapema. Asipoangaliwa, akae sehemu ndogo anayoweza kusimama, kugeuka na kulala, lakini asifungiwe humo kutwa. Sakafu ikikaa kavu, mfungulie chumba kimoja kimoja.

Dume wa miezi 6 hadi 9 anayerusha matone kwenye nguzo na miguu ya meza anaweka alama ya eneo lake, na hilo zungumza na daktari kuhusu kuhasi. Anayejikojolea huku amelala chali unapomsalimia ameogopa au amefurahi mno. Chuchumaa, msalimie kwa upole, wengi huacha wakikua.

Mahali pa haja pawe mbali na bustani ya mboga na kisima. Mayai ya minyoo yaliyomo kwenye kinyesi huhitaji wiki 2 hivi au zaidi ardhini kabla hayajaweza kuambukiza, na yakishafika hapo hukaa miaka, yakisubiri mikono ya watoto wanaochezea udongo. Kinyesi kizolewe kila siku kwa koleo na kufukiwa shimoni.