Kabla ya kuja Lubumbashi, uliza baridi ya alfajiri

Mwaka juzi mtoto wa shangazi yangu alikuja kutoka Bukavu mwezi wa saba. Kabla ya safari aliangalia wastani wa joto la mwezi huo hapa Lubumbashi, akakuta nyuzi 16 hivi. Kwao ni 19 au 20 mwaka mzima, akaona si kitu. Akafunga mashati mepesi na sweta moja. Usiku wa kwanza alilala na soksi na suruali mbili, juu ya blanketi akatandika kitenge cha mama.

Wastani huo ulikuwa sahihi, lakini unachanganya saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa saba jua la mchana hufikisha nyuzi 25 au 26, na kabla ya kupambazuka inashuka hadi 6 au 7. Hizo 16 unazipitia asubuhi ukienda kazini na usiku ukirudi, basi. Bukavu iko jirani na ikweta, kando ya Ziwa Kivu, ndiyo maana miezi yake hufanana. Sisi tuko zaidi ya digrii 11 kusini, mita 1,200 na ushei juu ya usawa wa bahari, wala hatuna ziwa kubwa la kututunzia joto. Kiangazi anga ni wazi na hewa ni kavu, kwa hiyo joto la mchana hupaa lote usiku.

Ukija kati ya mwezi wa tano na wa nane, beba jaketi nzito, blanketi mbili kwa kila kitanda, na kofia kwa mtoto mchanga. Vaa nguo za kupunguza: mwanafunzi hutoka nyumbani na koti limefungwa hadi shingoni, saa sita analirudisha mkononi. Mafuta ya kupaka usisahau, midomo hupasuka. Mvua hakuna, na vumbi jekundu huingia hadi kwenye sahani zilizofunikwa. Mwenye pumu aje na dawa ya kutosha, maana kuelekea mwezi wa tisa nyasi na misitu ya pembeni huchomwa, moshi unaongezeka juu ya vumbi.

Sasa hili la mbabula, yaani jiko la makala (makaa), nawaomba sana mlisikie. Baridi ikikaza, watu huingiza mbabula chumbani, hufunga dirisha, wakalala. Makala yakishakuwa mekundu hayatoi moshi, na hapo ndipo mtu hudhani hakuna hatari. Kumbe yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huanza kichwa kuuma, kisha usingizi mzito, na aliyelala haamki kufungua mlango. Otea moto nje, uani, halafu uuache huko huko. Ukitaka kitanda kipate joto, jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu, kaza kifuniko, ifunge na kitambaa, iweke miguuni. Kwa familia yenye watoto, pesa ya blanketi la ziada itengwe kabla ya pesa ya kitu kingine chochote cha safari.

Mwezi wa kumi mambo hugeuka. Ndio mwezi wenye joto kali kuliko yote, nyuzi 32 mchana, na nyumba ya bati isiyo na dari huwa tanuri. Jakaranda zinachanua, barabara zinapendeza, lakini visima vifupi vimepungua maji. Weka madumu.

Mvua huanza kushika mwezi wa kumi na moja hadi kufikia wa nne. Karibu milimita 1,200 za mwaka mzima huangukia humo, na Desemba au Januari peke yake huweza kupata 250. Mtu wa Bukavu anaogopa mlima kuporomoka. Hapa mji ni tambarare, hatari ni maji kutuama. Kabla ya kupanga nyumba, inama uangalie ukuta karibu na sakafu: mstari wa tope kavu utakuonyesha maji yalifika wapi msimu uliopita. Muulize jirani pia, mwenye nyumba hatakwambia. Chandarua kiwe tayari, maji ya kunywa yachemshwe. Na fundi wa bati mwite mwezi wa tisa, kwa sababu baada ya mvua ya kwanza kila mtaa unamtafuta.