Somo: Fayafishi wako haonekani? Mjengee shimo kwanza

Wakuu, habari zenu. Malalamiko ya "nimenunua samaki, nimemtia tangini, sijamwona tena" yamezidi, kwa hiyo leo tumshughulikie mwoga mmoja tu kwa undani: fayafishi, Nemateleotris magnifica. Ni yule mwembamba, mbele mweupe na uso wa manjano, nyuma mwekundu wa kuiva, na pezi la mgongoni limesimama kama mlingoti. Hafiki hata sentimita 10. Ukimmudu huyu, waoga wengine wengi wa maji chumvi hawatakusumbua.

Kwanza mjue anakotoka. Anapatikana kuanzia pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Hawaii, kwenye kina cha mita 6 hadi 70 hivi, kwenye miteremko ya miamba yenye mchanga na vifusi vya matumbawe. Huelea juu kidogo ya shimo lake, uso ameuelekeza mkondo unakotokea, akidaka vidudu vinavyopita na maji. Kivuli kikipita juu yake, huyo, kazama shimoni. Basi samaki huyu hapimi usalama kwa ukubwa wa tangi. Anaupima kwa umbali uliopo kati yake na mlango wa shimo. Akiwa na shimo karibu atashinda nje. Akilikosa atajibanza kwenye kona, au ataruka nje ya tangi, na hao wanaoruka ni wengi kuliko watu wanavyokiri.

Hatua ya 1: Tengeneza mashimo kabla ya kwenda dukani

Chukua bomba la plastiki la nusu inchi au robo tatu, lile la mafundi bomba. Kata vipande vya sentimita 15 hivi, lainisha ncha kwa msasa, suuza vizuri. Lifukie bomba mchangani chini ya mawe, midomo yote miwili ikiwa wazi. Milango miwili ni muhimu: akiingiliwa upande mmoja, atokee mwingine. Weka mashimo matatu au manne, na angalau moja liwe upande wa mbele unaouona wewe, kwa sababu mwenyewe atachagua na huwezi kumlazimisha.

Mawe yakae juu ya kioo cha chini, si juu ya mchanga. Samaki au kamba akichimba chini ya jiwe lililokalia mchanga, litaporomoka. Nyuma ya tangi bandika karatasi nyeusi au ya buluu iliyokolea. Samaki anayeonekana kutoka pande nne hatulii.

Hatua ya 2: Kifuniko

Hapa sina mjadala. Tumia wavu wa plastiki wenye matundu yasiyozidi milimita 6, ubanwe kwenye fremu. Kagua pale nyaya na mabomba yanapopita, maana huyu hupenya tundu ambalo hungelidhania. Wavu wa chuma usitumie, chumvi itaula na kutu itaingia majini.

Hatua ya 3: Majirani

Mwoga aingie wa kwanza, wakorofi baadaye, au wasiingie kabisa. Damseli na dotibaki, samaki wadogo wenye ubabe, watamfukuza mchana kutwa. Mkunga na chewa watamla, hiyo si habari ya kujadili. Kromisi wachache wa kijani, samaki wadogo wapole, wanafaa sana: wakiogelea juu kwa utulivu, mwoga anasoma kwamba hakuna hatari naye anatoka. Kama wakorofi wamekwisha kujimilikisha tangi, panga mawe upya siku ya kumwingiza, kila mmoja aanze kutafuta mahali pake. Au mweke kwanza ndani ya kisanduku cha plastiki chenye matundu, kining'inie ndani ya tangi kwa siku kadhaa, waonane bila kugusana.

Hatua ya 4: Siku ya kuingia

Zima taa. Elesha mfuko juu ya maji dakika 15 hadi 20 joto lilingane, kisha mzoeshe maji kidogo kidogo. Ila kama amesafiri muda mrefu, usichelewe baada ya kufungua mfuko. Humo ndani amonia, sumu itokanayo na uchafu wake mwenyewe, imejikusanya, na kaboni dioksaidi ndiyo iliyokuwa ikiifanya isiwe kali. Ukifungua, gesi inatoka, pH (kipimo cha asidi ya maji) inapanda, na amonia inageuka sumu kali. Sawazisha chumvi upesi, mhamishe kwa kikombe, maji ya mfuko mwaga. Taa zibaki zimezimwa hadi kesho yake.

Tangini joto liwe nyuzi 24 hadi 27, uzito mahususi wa maji (kipimo cha chumvi) 1.023 hadi 1.025, amonia na nitraiti (sumu nyingine itokanayo na uchafu) sifuri. Lita 75 zinamtosha.

Hatua ya 5: Chakula kimfuate

Usingoje atoke kula. Artemia hai au maisisi wa kugandishwa, yaani vijikamba vidogo vya kulishia samaki, kidogo, mara mbili au tatu kwa siku, ukimimina pale ambapo mkondo utakipeleka mlangoni kwake. Kisha ondoka. Ukisimama umetoa macho mbele ya kioo, wewe ndiye kivuli. Mabaki yatoe.

MASWALI YA WANACHAMA

Shukrani kwa somo mkuu. Wangu ana siku mbili hajatoka. Niinue jiwe nimtazame?

Usithubutu ndugu yangu. Ukiinua umembomolea nyumba aliyoanza kuiamini. Usiku mulika kwa tochi nyekundu, mara nyingi utamwona mdomoni mwa shimo.

Nikinunua wawili hawatafarijiana?

Baharini wakubwa huishi wawili wawili, lakini hao wamechaguana wenyewe. Dume na jike huwezi kuwatofautisha kwa macho, na wasiopatana hupigana mpaka mmoja afe. Chukua wawili tu ukiwakuta dukani wanatumia shimo moja. La sivyo, mmoja.

Huku kwetu umeme unakatika na kurudi saa nane za usiku, taa zinawaka ghafla. Asubuhi namkuta kapoteza rangi.

Hiyo ni hofu, dada. Taa iunganishe na taimu (swichi ya saa), isiwake nje ya saa zake hata umeme ukirudi. Zile zinazong'aa polepole ni bora zaidi. Na nunua pampu ya hewa ya betri, giza halimdhuru, kukosa oksijeni kutamuua.

Alikuwa mchangamfu, wiki hii amejificha na anapumua haraka.

Huo si woga tena, ni ugonjwa au maji. Pima amonia na nitraiti leo hii. Angalia kama ana vidoto vyeupe mithili ya chembe za chumvi. Akiwa navyo, mhamishie tangi la karantini, yaani la kumtenga mgonjwa, lenye kipande cha bomba cha kujifichia, umtibie huko. Dawa ya shaba, inayotibu vidoto hivyo, usiitie kwenye tangi kuu, itaua kamba, konokono na matumbawe yote.