Ukienda Hispania kutembea, uliza kwanza jua lipo wapi

Nimefanya kazi miaka 27 kwenye maabara ya kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Katoni za kwenda Hispania zilipita mbele yangu kila wiki, nikizipima joto na kuzigonga muhuri, na sikuwahi kuwaza kwamba ipo siku nitazifuata. Kisha binti yangu akaolewa Sevilla, mji wa kusini mwa Hispania, nami nikastaafu. Nimekwenda mara tatu sasa. Safari ya kwanza niliimaliza madukani, na miguu iliuma kwa sakafu tu. Ya pili ndipo nilipogundua vijiji. Wenzangu wa kikoba wananiuliza kila tukikutana habari za matembezi ya miguu huko vijijini, basi naandika mara moja ili nipumzike.

Kwanza, wanaocheka wakisikia nasafiri kwenda kutembea kwa miguu tu. Hapa kwetu mtu mzima akitoka Igoma kwenda Kisesa kwa miguu, hana mzigo wala msiba, bodaboda watatu watasimama kumwuliza kama amekosa nauli. Kule wazee wa rika langu na fimbo zao wanamaliza kilomita 10 kabla ya chakula cha mchana, na hakuna anayewahurumia.

Umbali hautakusumbua. Aliyekulia Magu akichota maji ziwani anaujua umbali. Kitakachokusumbua ni saa. Saa yetu ya Kiswahili inafuata jua: likiwa utosini, ni saa sita na ushei, mwaka mzima. Hispania iko magharibi, usawa mmoja na Uingereza, lakini tangu 1940 inatumia saa ileile ya Ujerumani, na kiangazi wanaongeza saa nyingine juu yake. Matokeo yake, mwezi Juni kule Sevilla na vijiji vyake jua linafika utosini saa nane na dakika ishirini mchana. Joto kali kabisa linakuja saa kumi na moja, hata kumi na mbili jioni. Jua linazama karibu saa nne kasorobo usiku, wakati ambao mimi huwa nimeshafunga mlango na kusali. Desemba nako kunapambazuka saa mbili na nusu asubuhi. Ukipanga matembezi kwa saa ya kichwani mwako, umekwisha.

Mimi yalinikuta. Ilikuwa Juni, nikatoka saa tano nikijisifu kwamba nimewahi kabla jua halijakolea. Saa tisa nikaingia kijijini nikitafuta maji. Milango yote imefungwa, madirisha yameshushiwa mapazia ya mbao, hata mbwa hayupo. Watu wote walikuwa ndani, maana kati ya saa nane na saa kumi na moja kijiji kinakula na kulala. Bomba la uwanjani lilikuwa na kibao: *no potable*, yaani si ya kunywa. Nilikaa chini ya mzeituni, kitenge kichwani, nikiona nyota mchana, mpaka bibi mmoja akafungua dirisha kumwaga maji ya maua akaniona. Alinipa jagi zima na kunisema sana kwa lugha nisiyoijua, lakini maana niliielewa.

Kwa hiyo, nenda Aprili, Mei au Oktoba. Anza saa mbili asubuhi, umalize kabla ya saa saba na nusu, ufike kijijini wakati mgahawa unaanza kupakua. Julai na Agosti kaa ndani, Sevilla inapita nyuzi 40. Na usidanganywe na neno Hispania ukaacha sweta nyumbani, maana asubuhi za Aprili milimani zinauma kuliko kipupwe chochote cha Mwanza.

Sasa wapi. Mimi naijua milima ya mkoa wa Cádiz na majirani zake, ile nchi ya vijiji vyeupe, na ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza. Kama una siku moja tu, nenda Setenil de las Bodegas. Mtu wa Mwanza atasimama pale acheke. Sisi watu wanatushangaa kwa kujenga Mabatini na Bugando katikati ya majabali. Setenil wamejenga *chini* ya jabali. Mto umekula mwamba kwa miaka isiyohesabika ukaacha ubavu uliojikunja kama ukumbi, nao wakaweka ukuta mweupe na mlango mbele, wakahamia. Paa ni mlima wenyewe. Mtaa mmoja unaitwa Cuevas del Sol, mapango ya jua, na wa ng'ambo Cuevas de la Sombra, mapango ya kivuli, na majina hayo yatakuongoza ukaenda kukaa wapi saa ngapi. Wengi wanapiga picha mitaa hiyo miwili na kuondoka. Wewe fuata mto mpaka nyumba ziishe, kisha panda kwenye mnara wa ngome. Ngome ilikuwa ya Waislamu mpaka wafalme Wakatoliki walipoitwaa mwaka 1484. Mizunguko yote ni saa mbili za polepole, ngazi nyingi ila fupi.

Ukiwa na siku ya pili, nenda Olvera, si mbali. Hapo inaanza njia ninayoipenda kuliko zote, Vía Verde de la Sierra. Mnamo miaka ya 1920 walianza kujenga reli, wakatoboa mahandaki, wakasimamisha madaraja, kisha ukosefu wa fedha na vita vikaikatisha kabla treni hata moja haijapita. Leo ni njia ya watembea kwa miguu na baiskeli, kilomita 36 mpaka Puerto Serrano, yenye mahandaki 30 na madaraja makubwa manne. Uzuri wake kwa magoti yetu ni huu: treni haipandi mlima mkali, kwa hiyo nawe hupandi. Hakuna anayekulazimisha kuimaliza. Tembea kilomita 5 au 6, geuka, rudi. Beba tochi na koti jepesi, kwani ndani ya mahandaki kuna ubaridi wa jokofu la kiwandani, na taa usizitegemee. Mbele kuna mwamba mkubwa, Peñón de Zaframagón, wenye tumbusi wengi kiasi kwamba ukitazama juu utadhani ni nzi. Stesheni ambazo hazikuwahi kupokea abiria sasa baadhi ni mikahawa na nyumba za wageni.

Ya tatu ni barabara ya mawe ya Warumi kati ya Benaocaz na Ubrique, kama kilomita 3. Benaocaz iko juu, Ubrique chini. Chukua teksi kutoka Ubrique, upande nayo, ushuke kwa miguu; wanaofanya kinyume nimewaona wakiwa wekundu kama nyanya. Mawe yamelainishwa na miaka na yanateleza kukiwa na umande, kwa hiyo raba yenye meno, katambuga acha nyumbani. Ubrique wanashona ngozi, pochi na mikoba mizuri. Beba pesa kidogo.

Mji wa Ronda utaupita tu. Daraja lake lililokamilika 1793, mita 98 juu ya korongo, linastahili kuonwa, lakini umati wa watu ni wa soko la Makoroboi siku ya sikukuu. Shuka kijia cha chini ulitazame kutoka bondeni, kisha endelea na safari yako.

Alama za njia ni za rangi, nazo jifunze kabla hujatoka. Mstari mweupe na wa kijani ni matembezi mafupi, chini ya kilomita 10: hiyo ndiyo yako. Mweupe na njano ni kati ya 10 na 50. Mweupe na mwekundu ni safari ndefu za siku nyingi, waachie vijana. Rangi zikiwa zimepigwa msalaba, umekosea, rudi ulikotoka. Utakutana pia na njia pana ajabu zisizo na shamba. Hizo ni za mifugo. Mfalme Alfonso X alikitambua chama cha wafugaji mwaka 1273, na zile kubwa kabisa, zinazoitwa *cañada real*, zilipewa upana wa karibu mita 75 ili kondoo wapite kutoka malisho ya kiangazi kwenda ya baridi bila kugombana na wakulima. Sheria ya 1995 inazilinda mpaka leo, na mpita njia anaruhusiwa. Sisi Wasukuma, kwa magomvi ya ng'ombe na mashamba tuliyoyaona, tunaweza kusimama pale tukatafakari kidogo. Ukikuta lango la fensi, fungua, pita, funga. Ukiliacha wazi, mwenye ng'ombe atakutafuta. Mbwa wakubwa wa kulinda kondoo zunguka mbali nao, usikimbie wala kuwatazama machoni.

Chakula cha mchana omba *menú del día*, sahani mbili, mkate, kinywaji na kitu kitamu kwa bei moja. Usiyekula nguruwe sema mapema, *sin cerdo*, na urudie, kwa sababu wanaweza kukuletea mboga zenye vipande vya *jamón* bila kuona kosa. Samaki wanaoitwa *perca* ni sangara wetu. Niliwakuta kwenye friji ya duka, lebo imeandikwa Tanzania, nikasimama nikiwakagua rangi na ukingo wa mkato mpaka mkwe wangu akaona haya. Mkato ulikuwa sawa. Bei sikuisema nyumbani, mtu aliyezoea mapanki, mifupa ya sangara inayobaki kiwandani, angeumwa kichwa.

Lugha isikutishe, nusu yake tunayo kwa mjomba mmoja, Mwarabu. Zeituni ni *aceituna*. Sukari ni *azúcar*. *Hasta* ni hata, kwa maana ya mpaka, hivyo *hasta mañana* ni kama kusema hata kesho. Majina ya vijiji yanayoanza na Bena, kama hiyo Benaocaz, yana ndani yake bin tunayoijua. Na salamu ni lazima. Kila unayepishana naye njiani, *buenos días*. Nilijisikia niko Kisesa nikiambiwa mwangaluka.

Mambo ya makaratasi kwa ufupi: viza ya Schengen inaombwa kupitia Dar es Salaam, na bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000. Namba ya dharura kote ni 112.

Mazoezi fanyia hapa hapa. Miezi miwili kabla, panda daladala mpaka Kisesa, tembea hadi makumbusho ya Bujora na urudi, mara mbili kwa wiki, ukiwa na viatu vile vile utakavyosafiri navyo. Kiatu kipya ndani ya ndege ni malengelenge siku ya pili. Jumamosi zunguka Capri Point kwa miguu, pande zote mbili za kilima. Michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, inafaa sana njiani. Ya kwangu iliisha kabla ndege haijavuka Sudan.

Jambo la mwisho ni basi. Vijiji hivi vina mabasi machache kwa siku, na Jumapili yanapungua au hayapo. Ukishuka tu, kabla hujapiga picha hata moja, muulize dereva la mwisho linaondoka saa ngapi, na mwambie aandike kwa tarakimu, maana akisema nane atamaanisha yetu ya pili.