Namna ya Kupima Masimulizi Kuhusu Silaha za Kimya za Majasusi

Anza kwa kutenganisha mambo mawili ambayo waandishi wengi huyachanganya: kwamba silaha fulani iliundwa, na kwamba ilimuua mtu fulani. Bastola ya Welrod, iliyobuniwa na mafundi wa SOE, idara ya siri iliyoundwa na Uingereza mwaka 1940, imehifadhiwa katika makumbusho; lakini kuwapo kwake hakuthibitishi mauaji yanayosimuliwa kuihusu.

Kisha chunguza maelezo ya sauti. Mlio hutokana na gesi inayofumuka mtutuni, na risasi inayopita kasi ya sauti, na vyuma vya silaha vinavyogongana. Welrod ilififisha mlio bila kuuondoa kabisa, na mpigaji alilazimika kuikoki kwa mkono kila baada ya risasi moja, hivyo mtilie shaka anayekusimulia jasusi aliyemimina risasi nyingi kwa bastola hiyo pasipo kusikika.

Ushahidi ulio bora kuliko wote ni wa mahakamani, na hapa inafaa usome polepole. Bohdan Stashynsky, aliyetumwa na KGB, shirika la ujasusi la Umoja wa Kisovieti, aliwaua mjini Munich, Ujerumani Magharibi, viongozi wawili wa Kiukreni waliokuwa uhamishoni: Lev Rebet mwaka 1957 na Stepan Bandera mwaka 1959, kwa kifaa kilichorusha mvuke wa sianidi usoni. Kifo cha Rebet kilidhaniwa kuwa cha moyo, na huenda kingebaki hivyo lau Stashynsky asingekimbilia Magharibi mwaka 1961 na kukiri. Mahakama ya Karlsruhe ilimhukumu mwaka uliofuata. Mkasa huu una mtu, mahali, tarehe na ungamo lililopimwa na majaji, na hicho ndicho kipimo ninachokusihi ukitumie kwa mikasa mingine yote.

Usisahau silaha zilizobebwa bila kutumiwa. Francis Gary Powers, rubani wa Marekani aliyetunguliwa katika anga ya Urusi tarehe 1 Mei 1960, alikuwa na bastola yenye kizuia sauti, wala hakuifyatua.

Mwisho, andika kwa kadiri ya ushahidi ulionao. Katika mwili wa Georgi Markov, mwandishi wa Kibulgaria aliyeishi uhamishoni na aliyeshambuliwa London mwezi Septemba 1978, madaktari walipata kijipira kidogo mno cha metali. Mwavuli unaotajwa kila mahali kuwa ndio uliokirusha haukupatikana kamwe. Kijipira kiandike kama ushahidi, na mwavuli kama dhana.