Kabla ya Kuvuta Kamba: Jinsi ya Kushuka Korongo la Jangwani

Katika korongo la jangwani lenye magenge yasiyoshukika kwa mikono na miguu mitupu, kuna kitendo kimoja kinachobadilisha matembezi kuwa safari isiyo na marejeo. Mtu wa mwisho akishafika chini, kamba huvutwa ili itumike kwenye genge linalofuata, na tangu hapo njia uliyojia imefungwa, kwa kuwa ukuta ule hupandiki tena. Mlango uliobaki ni wa chini tu, na huenda uko mwendo wa saa nyingi. Kwa sababu hiyo nitakaa zaidi kwenye mambo yanayofanywa kabla ya kamba ya kwanza kuvutwa.

Anza na maji, ingawa unakwenda jangwani. Nchi kavu yenye mwamba mtupu hainywi mvua. Maji huteleza juu yake kama juu ya paa la mabati, yakakusanyika penye upenyo mwembamba, nao upenyo huo ndio korongo unalotaka kuingia. Sisi wakazi wa Nairobi tunalijua jambo hili kwa uchungu. Aprili 2012 vijana 7 wa kundi la kanisa walifariki katika korongo la Hell's Gate, Naivasha, na Septemba 2019 watu wengine 7 wakasombwa na mafuriko huko huko. Septemba 2015, watu 7 walikufa vivyo hivyo ndani ya Keyhole Canyon, katika hifadhi ya Zion, jimbo la Utah nchini Marekani. Mvua yaweza kunyesha mbali huku mbingu iliyo juu yako ikiwa haina wingu, kwa hiyo tafuta ramani, tambua eneo zima linalomwaga maji yake korongoni, kisha usome utabiri wa eneo hilo zima, si wa pale ulipoegesha gari. Utah mvua za radi hushika kasi kati ya Julai na Septemba. Utabiri ukitaja radi, ahirisha, hata kama nauli ya ndege imeshalipwa na likizo inaisha kesho.

Soma pia daraja la korongo lenyewe. Katika mfumo wa Wamarekani, tarakimu 3 maana yake ni kwamba kamba ni ya lazima, herufi A husema kwamba korongo ni kavu au lina maji haba, B kwamba kuna madimbwi ya kuogelea, na nambari ya Kirumi hukadiria muda. Anayeanza asizidi 3A. Hifadhi ya Zion hudai kibali kwa makorongo ya aina hii, nacho kiombwe mapema.

Kamba ya kushukia iwe ile isiyovutika, yenye unene wa milimita 8 hadi 10. Kamba ya kupandia milima hunyumbuka chini ya uzito, na kila inaponyumbuka hujisugua kwenye ukingo wa jiwe. Kwa kuwa kamba hukunjwa katikati na kushushwa pande zote mbili, genge la mita 30 linataka mita 60 na akiba juu yake. Kila mtu awe na hanesi (mikanda ya kiunoni na mapajani), helmeti, chuma cha nane (chenye umbo la tarakimu 8, ambacho kamba hupitishwa ndani yake ili kupunguza mwendo), karabina (pete za chuma zinazofunguka) za kufunga kwa skrubu, vitanzi viwili vya kamba nyembamba kwa ajili ya fundo la prusiki, linaloibana kamba likivutwa, glavu, filimbi, taa ya kichwani na maji yasiyopungua lita 4. Kama kuna madimbwi, beba vazi la mpira la kuogelea, maana maji yasiyofikiwa na jua huwa baridi kali hata wakati wa kiangazi.

Mazoezi yafanyike Lukenya, kando ya barabara ya Mombasa, chini ya mwalimu, kabla hujafikiria jangwa lolote. Fundo la prusiki huzungushwa kwenye kamba chini ya chuma cha nane na kufungwa kwenye kitanzi cha paja. Mkono ukiachia, fundo hubana na mtu husimama. Mkono wa breki hukaa karibu na nyonga na hauachii kamba kwa sababu yoyote. Miguu itanuliwe, magoti yalegee kidogo, na mwili uegemee nyuma kama anayeketi, kwa sababu anayeogopa hujivuta karibu na mwamba, na huko ndiko nyayo huteleza.

Mwenzetu mmoja alishuka Lukenya akiwa amevaa fulana pana. Katikati ya mwamba pindo la fulana liliingia ndani ya chuma cha nane, kamba ikalibana, naye akabaki ananing'inia asiweze kupanda wala kushuka. Alifunga kitanzi cha pili kwenye kamba juu ya chuma, akaingiza mguu na kusimama ndani yake. Uzito ulipotoka kwenye chuma, pindo likachomoka kwa urahisi. Asingekuwa na kitanzi kile tungelazimika kumwendea kwa kamba nyingine. Chomeka nguo, na misuko au rasta zifungwe ndani ya helmeti.

Nanga, yaani pale kamba inapofungiwa juu ya genge, ndiyo inayostahili muda wako mrefu kuliko yote. Mara nyingi utakuta ukanda wa nailoni ulioachwa na waliotangulia, umezungushwa kwenye mti au jiwe, ukiwa na pete ya chuma. Usiuamini kwa kuutazama mbele tu: uzungushe, upapase, uukunje. Ukanda uliopigwa na jua hupauka na kukauka kama karatasi ngumu. Ukiona hivyo, ukate, uubebe kama takataka, ufunge wako mpya. Kamba ipite ndani ya pete, kamwe isipite moja kwa moja kwenye ukanda, kwa kuwa msuguano wa kuivuta huyeyusha nailoni. Nanga ikiwa na miguu miwili, yaani kanda mbili zinazokutana kwenye pete, pembe kati yake iwe nyembamba: kwa digrii 60 kila mguu hubeba takriban asilimia 58 ya uzito, lakini kwa digrii 120 kila mguu hubeba uzito wote.

Mwenye uzoefu hutangulia, akitumia prusiki, na akifika chini huzishika ncha za kamba, kwani akizivuta kwa nguvu aliye juu husimama hata kama ameachia mkono. Ishara za filimbi zikubaliwe juu, kabla ya mtu yeyote kuning'inia, maana sauti hupotea kwenye kuta.

Kabla mtu wa mwisho hajashuka, aliye chini avute upande mmoja mita moja hivi. Kamba isipotembea, aliye juu aisogeze pete au aipitishe kamba mbali na ufa, angali yuko mahali pa kufanya hivyo. Naye akishafika, kiongozi atazame anga, atazame saa, aulize kila mmoja hali yake, ahakikishe kwamba kamba ya genge linalofuata inatosha na kwamba ncha hazina fundo. Hapo ndipo avute, taratibu na bila kukatiza, wengine wakiwa wamesogea kando kwa sababu kamba huangusha mawe. Ncha ikianza kuporomoka, apaze sauti: "Kamba!" Mmoja aipakie kwenye mfuko wa kamba kuanzia ncha, huku mwingine akitangulia kuikagua nanga ya pili.