Sabuni ya mwani: vipimo, makosa na hesabu yake

Vijiji vya mashariki mwa Unguja kama Paje, Bwejuu na Jambiani vinalima mwani wa biashara tangu 1989. Mwani mkavu husafirishwa nje ukiwa ghafi, na bei hupangwa na mnunuzi. Kotoni, aina yenye bei nzuri, imekuwa ikifa maji ya pwani yanapozidi joto. Spinosamu inastahimili zaidi, lakini bei yake ni ya chini. Ndiyo maana vikundi vya kina mama vimeingia kwenye sabuni.

Kabla ya kununua chombo chochote, piga hesabu hii: kilo moja ya mafuta inachukua gramu 30 tu za unga wa mwani. Kilo 50 za unga zingetosha mapishi zaidi ya 1,600. Sabuni haitamaliza mavuno yenu, kwa hiyo msikate uhusiano na mnunuzi wa mwani mkavu. Kinachokula mtaji ni mafuta ya nazi.

Mwani wa sabuni ukaushwe juu ya chanja au mkeka, usiguse mchanga. Uloweke usiku kucha kwenye maji baridi ya kisima, uyabadilishe mara mbili, uanike tena mpaka uvunjike mkononi, kisha usage na uchekeche kwa kitambaa chepesi. Chumvi ikibaki, sabuni hukatikakatika na povu hupungua.

Kwa mapishi ya mara moja: mafuta ya nazi gramu 1,000, maji gramu 350, unga wa mwani gramu 30. Kostiki soda, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ni gramu 146 kwa sabuni ya kuogea na 174 kwa ya kufulia. Tofauti hiyo si ndogo: sabuni ya nazi tupu husafisha kwa ukali, hivyo ya kuogea inahitaji mafuta yasiyogeuzwa yabaki ndani yake. Pima kwa mizani ya gramu, kamwe si kwa kikombe. Magadi soda haifai kuwa mbadala. Na kostiki iliyoganda mabonge imeshanyonya unyevu wa pwani. Vipimo vyake haviaminiki tena.

Vaa glavu na miwani, kaa penye upepo, watoto wawe mbali. Mimina kostiki kwenye maji, si maji kwenye kostiki, maana huchemka ghafla na kurukia uso. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au sufuria ya chuma kisichoshika kutu, aluminiamu huliwa. Subiri maji ya kostiki na mafuta vyote vifike kama nyuzi 40, ndipo umimine ya kostiki kwenye mafuta taratibu huku ukikoroga upande mmoja. Ikiwa nzito kama uji, tone likidondoka juu likaacha alama, tia unga wa mwani.

Harufu huja mwisho. Mchaichai hausumbui, mililita 20 zinatosha. Mafuta ya karafuu ni tamu kwa mgeni wa hotelini lakini hugandisha sabuni kwa dakika chache na huwasha ngozi. Usizidishe mililita 5, na kasha la kumiminia sabuni liwe tayari limetandikwa plastiki.

Sabuni ya nazi huganda upesi. Ianze kukaguliwa baada ya saa 6, na ikatwe ikiwa ngumu kama jibini. Ukingoja hadi kesho yake itapasuka chini ya kisu. Utapata vipande kama 15 vya gramu 100. Vipange kwa nafasi kivulini wiki 4 hadi 6. Vitapungua uzito, kwa hiyo lebo iandikwe uzito wa baada ya kukauka. Kipande chenye unga mweupe ndani au matone ya maji makali kisiuzwe: ama kipimo kilikosewa ama hakikukorogwa vya kutosha.

Ukipanga bei, hesabu mafuta, kostiki, karatasi ya kufungia, nauli ya kwenda mjini, na saa za kila anayekoroga. Vikundi vingi husahau hiyo ya mwisho, kisha hujiuliza faida imekwenda wapi. Kwenye lebo, usiandike kwamba sabuni inatibu ugonjwa wa ngozi: hapo umeitangaza kuwa dawa, na masharti yake ni mengine kabisa. Ulizeni mapema taratibu za Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS), kabla ya kuchapisha lebo elfu moja zitakazolazimika kutupwa.