Karavani yako itakaa wapi? Sheria za kuegesha nyumbani hapa Calgary

Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka, simu yangu hailali. Ndugu zetu wa Kigoma, Bukavu na Nakuru tunaoishi nao hapa Calgary, Canada, wameona karavani, ile trela ya kulala safarini inayovutwa na gari, inauzwa kwa bei nzuri, na wanataka kujua kama pikapu yao itaivuta. Wananiuliza mimi kwa sababu kazi yangu ni kuendesha malori ya trela. Mimi nami huwauliza: ukishaileta, utaiweka wapi? Wengi hunijibu, "Si mbele ya nyumba, kaka? Nyumba yangu, kiwanja changu."

Kiwanja ni chako, lakini jiji limeweka saa. Naomba uzijue kabla hujatoa hela, maana nimeona familia ikiuza karavani kwa hasara katikati ya msimu kwa kukosa pa kuiweka, na watoto walikuwa wameshaipenda.

Barabarani: saa 36, kisha saa 48

Karavani, au gari-nyumba lenye injini yake, linaruhusiwa kusimama barabarani pembeni ya nyumba ya mwenyewe kwa saa 36 mfululizo. Saa hizo ni za kupakia na kupakua. Zikiisha unaliondoa barabarani, na halirudi mpaka zipite saa 48 mfululizo. Kulisogeza hatua kumi mbele hakuanzishi hesabu upya. Na nyumba ya shemeji yako mtaa wa tatu haihesabiki kuwa kwako, hata kama amekukaribisha kwa moyo mweupe.

Tuchukue wikendi ndefu ya Mei, jiji zima linapoelekea Kananaskis, kwenye milima na kambi magharibi mwa jiji. Unataka kuondoka Ijumaa saa kumi na moja jioni. Rudi nyuma saa 36: unafika Alhamisi saa kumi na moja alfajiri. Ukiichukua karavani kwenye yadi ya kulipia unakoihifadhi Jumatano jioni na kuiacha barabarani, muda wako utakuwa umekwisha kabla hujaondoka. Basi ichukue Alhamisi ukitoka kazini, usiku pakia vyombo na magodoro, Ijumaa maliza vyakula vya baridi.

Sasa marejeo. Saa 48 zinaanza pale gurudumu lilipoondoka, Ijumaa saa kumi na moja jioni, na zinaisha Jumapili saa kumi na moja jioni. Ukirudi Jumatatu uko salama, na una saa 36 nyingine za kupakua na kuosha. Lakini safari ya usiku mmoja, Ijumaa kwenda na Jumamosi kurudi, haikupi saa 48. Siku hiyo ipeleke moja kwa moja yadi, au iingize kiwanjani. Hapa ndipo watu wengi hupata faini wakidhani wamefuata sheria, kwa sababu wamezihesabu zile 36 na kuzisahau zile 48.

Usiikate karavani kwenye pikapu ikiwa barabarani, iache imeunganishwa. Matairi yawekee vigingi. Na wakati wa baridi soma vibao vya alama ya theluji: jiji likitangaza marufuku ya kuegesha kwenye njia za theluji, yaani barabara zenye vibao hivyo, marufuku hiyo inaweza kudumu hadi saa 72, na hapo hata gari lako dogo linaondoka.

Njia ya gereji mbele ya nyumba: saa 24

Hili ndilo linalowashangaza watu zaidi. Ile sehemu ya saruji inayotoka barabarani hadi mlango wa gereji, upande wa mbele, karavani haikai zaidi ya saa 24. Kwa hiyo usidhani utaizungusha: saa 36 barabarani, unaiingiza kwenye saruji, unairudisha barabarani. Ili urudi barabarani unahitaji saa 48 nje yake, na saruji ya mbele inakupa 24 tu. Hesabu haifungi.

Hata kwa hizo 24, isining'inie juu ya njia ya waendao kwa miguu. Kuna mama anayesukuma gari la mtoto, kuna mzee wa fimbo. Ukimlazimisha ashuke barabarani umemwonea, sheria iwepo isiwepo.

Nyuma ya nyumba

Kwa hiyo makazi ya kudumu ya karavani, kama ni nyumbani, ni nyuma. Mitaa ya zamani ya kaskazini-mashariki kama Marlborough, Rundle na Pineridge ina vichochoro vya nyuma, na viwanja vyake vina nafasi. Mitaa mipya kama Saddle Ridge ina nyumba nyingi zenye gereji mbele na viwanja vyembamba, na ukiwa huko kubali mapema kwamba utalipia yadi.

Kama kichochoro unacho, toka na futi kamba kabla hujaenda kuiona karavani. Usiamini namba iliyo kwenye jina la modeli. Kama jina lina 24, ukadhani ni futi 24, namba hiyo mara nyingi haihesabu mkono wa kuvutia wala bampa ya nyuma, na ukipima mwenyewe kutoka ncha hadi ncha unaweza kukuta futi 28. Upana hufika mita 2.6. Kama ina ukuta unaosukumwa nje, ongeza karibu mita moja upande huo, maana kuna siku utataka kuufungua uikague au uisafishe. Urefu wa kwenda juu, pamoja na kiyoyozi cha paani, hupita mita 3, basi inua macho: je, waya unaotoka kwenye nguzo kwenda gereji ya jirani umeinama kiasi gani?

Kisha kona. Kiwanja kinaweza kutosha na kichochoro kikakukatalia. Mimi huwa nachukua kamba na kuilaza chini kwa umbo la karavani, nasimama pale itakapoingilia, naangalia nguzo ya umeme iko wapi, uzio wa jirani wa ng'ambo uko wapi, na mapipa matatu, jeusi, la buluu na la kijani, yatakaa wapi siku ya kuzoa taka. Kama nguzo imekaa sawasawa na lango lako, hakuna ufundi wa usukani utakaoisogeza. Rafiki yangu mmoja kutoka Bukavu alihamisha lango lake mita mbili kushoto kwa siku moja ya kazi, na sasa anaingiza karavani kinyumenyume bila kugusa kitu.

Mwaga kokoto na uzishindilie. Majani peke yake yatageuka tope mwezi wa nne. Lakini kama unafikiria kukata ukingo wa barabara ya mbele ili upate njia mpya ya kuingilia ubavuni, hilo linahitaji kibali cha jiji, na usianze kuvunja saruji kabla ya kukipata.

Hati ya nyumba inaweza kukubana kuliko jiji

Baadhi ya mitaa ina masharti ambayo mjenzi wa mwanzo aliyafunga kwenye ardhi yenyewe, na yanamfuata kila anayenunua. Yanaweza kukataza karavani kuonekana kutoka barabarani hata kama jiji halina neno. Hapa Alberta, jimbo letu, unaweza kuipata hati kwa kulipia kwenye mtandao wa SPIN2 wa serikali ya jimbo. Humo ipo orodha ya vitu vilivyosajiliwa dhidi ya ardhi. Ukiona neno la masharti ya matumizi (kwa Kiingereza, restrictive covenant), nunua na waraka huo pia, usome neno kwa neno. Kwa anayeishi kondo, yaani nyumba za pamoja zinazosimamiwa na bodi, ulizia kanuni za bodi kwa maandishi. Mpangaji naye apate ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Ya mdomo husahaulika jirani anapolalamika.

Na jambo la wageni. Wazee wakija kutoka nyumbani, nyumba ikajaa, utashawishika kumweka mtu akae kwenye karavani uani. Usifanye. Karavani iliyoegeshwa kiwanjani haihesabiki kuwa makazi. Waya wa umeme usiuvushe juu ya njia ya watu.

Miji mingine

Edmonton, mwendo wa saa tatu kaskazini, wanahesabu kwa misimu: kuanzia Aprili 1 hadi Oktoba 31 karavani inaruhusiwa kwenye njia ya gereji ya mbele, ikiwa ndani ya mpaka na sentimita 60 kutoka njia ya waendao kwa miguu. Baridi ikiingia, iondoke mbele. Mnaoishi Los Angeles, angalieni vibao vya magari makubwa: gari lenye urefu unaozidi futi 22 au kimo kinachozidi futi 7 linazuiwa usiku kwenye mitaa iliyowekewa vibao hivyo. Uingereza, trela haiachwi barabarani usiku bila taa, na hati za nyumba mpya nyingi zinataja karavani kwa jina.

Jirani, halafu 311

Maofisa wa jiji mara nyingi huja kwa sababu mtu amepiga simu. Basi nenda ubishe hodi kwa jirani kabla karavani haijafika. Mwambie itaingia siku gani, itakaa upande gani, na muulize kama itamzibia mwanga wa dirisha la jikoni. Mwachie namba yako ili akikerwa aanze na wewe. Hili tulilelewa nalo, na huku linafanya kazi vilevile.

Kisha piga 311, namba ya simu ya huduma za jiji. Kanuni hurekebishwa, na anwani yako inaweza kuwa na jambo lake. Uliza mambo matatu: saa za barabarani kwa mtaa wako, saa za njia ya gereji, na kama sehemu unayotaka kuiweka nyuma inahitaji kibali. Omba namba ya ombi lako, iandike pamoja na tarehe, na uihifadhi pamoja na karatasi za karavani.